Hoteli ya Bute na Ndugu wa Ziwa Moja



Wiki hii naomba radhi kwa kuacha kando mada niliyoiahidi, kwa kuwa limetokea jambo katika ukoo wetu ambalo naliona lina funzo kwa kila nyumba yenye binti wa kuozwa na kijana wa kuoa. Wahusika wote wamenipa idhini ya kulieleza, nami majina yao nimeyaacha.

Mimi nilizaliwa Bute, katika Wajir ya Kaskazini, upande wa mpaka wa Ethiopia, mahali ambapo mtu akianza sentensi kwa Kisomali huenda akaimalizia kwa Kiborana. Marehemu mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na hoteli pale. Msomaji wa Pwani asidhani ni hoteli ya vyumba na vitanda. Ilikuwa banda la mabati lenye mlango wa kijani, mabenchi manne, jiko la kuni nyuma, na birika ambalo halikupoa kuanzia alfajiri hadi baada ya Isha. Alipika anjera, chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi, wali kwa nyama ya mbuzi, nyirinyiri ya ngamia kwa wasafiri, na baasto, hizo tambi ambazo sisi watu wa kaskazini tulizizoea kwa sababu Waitaliano waliwahi kutawala Somalia. Madereva na matingo wa malori ya Wajir na Moyale walikula kwake, wengine kwa fedha na wengine kwa deni.

Mama alifariki mwaka 2009. Leo pale pana duka la simu. Mimi niliolewa Mombasa mwaka 1990, na kaka yangu ndiye aliyebaki na kiwanja.

Miaka miwili iliyopita alifika Bute kijana mmoja kutoka Isiolo, mwenye adabu na kazi yake nzuri, akawa anauliza watu: "Ni wapi palipokuwa na hoteli yenye mlango wa kijani?" Alikuwa akitafuta asili yake. Mama yake alifariki mwaka 1992, siku chache baada ya kumzaa. Baba yake, tingo wa lori, alimlea kwa muda mfupi njiani, kisha akampeleka kwa dada yake Isiolo, naye baba akafariki kijana akiwa bado mdogo. Shangazi yake alimwachia maneno machache tu: kwamba kabla ya kufika Isiolo alikaa Bute, katika hoteli yenye mlango wa kijani. Basi kwa mtu asiye na mama wala baba, hoteli hiyo ndiyo iliyokuwa ukurasa wa kwanza wa kitabu chake.

Kaka yangu alimpokea, akamwonyesha mahali, akamkalisha, akamkirimu. Kijana akarudi tena, na tena. Hatimaye akaja na wazee wake kumposa binti wa kaka yangu. Sote tulifurahi. Nasaba yake kwa upande wa baba ilijulikana, dini yake iliridhisha, na binti mwenyewe alikubali. Harusi ikapangwa Mfungo Mosi, baada ya Ramadhani. Mimi nikaanza kununua vitambaa huku Mombasa.

Naomba nikiri hapa jambo linaloniuma. Nilipohesabu miaka nilikuwa nimekwisha kuona kwamba kuna swali la kuulizwa. Mdogo wetu wa mwisho alizaliwa mwaka huohuo wa 1992. Mama alikuwa na mtoto kifuani, na nyumbani mwake kaletwa mtoto mchanga asiye na mama. Mwanamke yeyote anajua ni swali gani linalofuata. Lakini kijana nilimpenda, vitambaa nilikuwa nimevinunua, nami nikanyamaza kwa muda wa mwezi mzima.

Kabla sijaendelea, nitoke kidogo nje ya Bute.

Hivi karibuni nilisoma habari za familia za Kichina zilizohamia Marekani. Mwaka 1882 ilitungwa sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini humo, ila wafanyabiashara waliruhusiwa. Mwaka 1915 mahakama ikaamua kwamba mwenye mkahawa naye ahesabiwe kuwa mfanyabiashara. Basi mikahawa ya Kichina ikaongezeka sana, kwa sababu chungu cha kupikia kilikuwa pia mlango wa kuingilia. Maofisa waliwahoji wenye mikahawa na jamaa zao maswali mengi: kijijini kwenu kuna nyumba ngapi, kisima kiko upande gani, babu yako alizikwa wapi. Waliwataka hata mashahidi wasio Wachina. Majibu hayo pamoja na picha yamehifadhiwa katika nyaraka za taifa, na leo wajukuu wanayasoma. Mtu anayetafuta babu yake huanza na jina la mkahawa.

Lakini karatasi hizo zina hila yake. Mwaka 1906 tetemeko na moto viliteketeza vitabu vya vizazi katika mji wa San Francisco, na baada ya hapo wako wengi walioingia kwa majina ya kununua, wakijiita watoto wa watu wasio baba zao. Waliitwa watoto wa karatasi. Sheria ile ilifutwa mwaka 1943, lakini zipo familia ambazo hadi leo hubeba jina la karatasi, na jina la kweli hujulikana ndani ya nyumba tu.

Sisi watu wa kaskazini ya Kenya habari hii tunaielewa bila kufasiriwa. Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilifungwa wakati wa Waingereza, na mtu hakuingia wala kutoka bila ya ruhusa. Baada ya uhuru tukakaa chini ya hali ya hatari kwa karibu miaka 30. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walipangwa foleni wakaguliwe upya, wakapewa kadi ya rangi ya waridi. Na kwa miongo mingi kijana wa Wajir, Mandera au Garissa aliyetaka kitambulisho aliketishwa mbele ya wazee aulizwe baba na babu, mpaka Februari 2025 Rais alipotangaza akiwa Wajir kwamba msasa huo unakomeshwa. Ndiyo maana mtoto wa kwetu huwahi kujifunza kuhesabu baba zake kabla hajajua kuhesabu mbuzi.

Na ninyi wa Pwani mna ya kwenu. Kule Siyu, katika kisiwa cha Pate, wako wanaosimulia kwamba wametokana na mabaharia wa Kichina waliovunjikiwa chombo zamani, na mwaka 2005 binti mmoja wa huko alipewa nafasi ya kwenda kusoma China kwa ajili ya simulizi hiyo. Mwaka 2023 wataalamu walichapisha uchunguzi wa mifupa ya kale kutoka miji ya Waswahili, Mtwapa na Manda na Kilwa ikiwamo. Waliona kwamba simulizi ya asili ya Uajemi ina ukweli ndani yake, lakini zaidi kwa upande wa akina baba. Akina mama walikuwa aghlabu Waafrika wa bara hili. Baba waliohesabiwa majina yao yamebaki midomoni. Mama hawakuhesabiwa, ikabidi waulizwe mifupa.

Sasa tazama, dada yangu msomaji. Karatasi huweza kusema uongo kuhusu baba. Kipimo cha damu huweza kusema kweli kuhusu baba na mama. Lakini lipo jambo moja ambalo karatasi haliandiki na kipimo hakilioni, nalo ni maziwa. Mtoto akinyonya kwa mwanamke asiye mama yake, hapana alama yoyote itakayobaki mwilini mwake ya kumwambia daktari. Na sheria yetu imejenga juu ya maziwa hayo udugu kamili wa ndoa: Qur'ani katika Sura ya An-Nisaa imewataja mama waliokunyonyesha na dada zako wa kunyonya pamoja na mama na dada wa damu miongoni mwa walioharamishwa, na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kinachoharamishwa na nasaba huharamishwa pia na kunyonya.

Turudi Bute.

Lililonivunja ukimya ni kisa cha Uqba bin al-Harith, radhi za Allah ziwe juu yake, ambacho sheikh wetu alikisoma darsani. Sahaba huyu alioa, kisha akaja mwanamke akasema kuwa aliwanyonyesha wote wawili, yeye na mkewe. Uqba hakuwa na habari hiyo. Alipanda mnyama wake kutoka Makka hadi Madina kumuuliza Mtume (s.a.w.), naye akamwelekeza aachane naye maadamu neno hilo limekwisha kusemwa. Nilijiuliza: mtu alikata jangwa lote hilo kwenda kuuliza, mimi nimeshindwa kupiga simu?

Nikampigia kaka yangu. Alikasirika. Mwaka 1992 yeye alikuwa bweni huko Wajir, hakuona lolote. Akasema kijana mwenyewe ameambiwa kwamba alikunywa maziwa ya mbuzi, na mama amekwisha kufariki, basi ni nani atakayejua? Nikamjibu kwamba Mola anajua, na sisi tumekwisha kushuku. Tulikata simu bila ya kuagana vizuri. Usiku ule akanipigia binti mwenyewe. Akaniambia, "Eedo, uliza. Afadhali niulizwe leo kuliko niulizwe nikiwa na watoto."

Nikasafiri. Katika sanduku la mama tulilikuta daftari la madeni. Mama hakujua kuandika. Aliyemwandikia alikuwa mwanafunzi wa duksi, kwa herufi za Kiarabu, na kila mteja alipewa ukurasa. Tukaupata ukurasa wa yule tingo. Chai, anjera, wali, chai. Kisha katikati ya ukurasa yanaanza maziwa ya mbuzi, kikombe kimoja kila siku. Yameandikwa kwa siku tisa. Baada ya hapo maziwa hayaonekani tena, ilhali deni la baba, la chakula chake kila alipopita, linaendelea kwa muda wa kama miezi miwili, mpaka alipolipa na kumchukua mtoto.

Daftari si ushahidi. Ulikuwa mwaka wa ukame mkali, na huenda mbuzi walikauka. Lakini lilituachia swali: kuanzia siku ya kumi mtoto alikula nini? Mama alikuwa mwanamke wa kuandika hata nusu ya sukari. Kitu ambacho asingekiandika ni kile tu ambacho haoni kuwa anakiuza.

Tukawatafuta wanawake. Yule aliyekuwa akiosha vyombo bado yu hai, na majirani watatu wa wakati ule wapo. Sheikh wa mtaa akamsikiliza kila mmoja peke yake. Hakuwauliza kama wanapenda harusi iwe au isiwe. Aliwauliza mambo mawili yaliyo msingi katika madhehebu yetu ya Shafii: je, mtoto alikuwa chini ya miaka miwili, na je, alinyonya mara tano au zaidi, kila mara akiacha mwenyewe kwa kushiba? Wote wanne walisema jambo moja. Maziwa ya mbuzi yalimharisha mtoto mpaka akalegea. Siku ya kumi mama alimtwaa, akaketi naye karibu na jiko, akamweka ziwa la kulia na mdogo wetu ziwa la kushoto. Alifanya hivyo usiku na mchana hadi baba yake alipokuja kumchukua. Mosha vyombo yule, bibi wa watu, aliongeza kwamba mama alimwambia baba mtu, naye akalia kwa shukrani. Pengine alipofika Isiolo aliona haya kumweleza dada yake, au alieleza na ikasahaulika.

Hapo hapakubaki shaka. Kijana ni mtoto wa mama yangu kwa kunyonya. Ni kaka yangu, ni kaka wa kaka yangu, na kwa binti tuliyetaka kumwoza yeye ni ami. Harusi ikafutwa.

Sitaki kuwaambieni kwamba ilikuwa rahisi. Binti alikaa chumbani siku tatu. Kaka yangu aliona haya mbele ya wageni aliokwisha kuwaalika. Wapo waliosema tumevunja nyumba kwa ajili ya daftari la chai. Na mimi nilijilaumu kwa ule mwezi mmoja wa kunyamaza, maana mwezi mmoja katika moyo wa msichana aliyeposwa ni mwingi sana.

Kutokana na hayo nataka tuchukue mambo machache.

La kwanza, tuelewe mipaka ya udugu huu. Maziwa huharamisha ndoa na huleta umahram, lakini hayaleti urithi, wala hayabadilishi jina la mtoto. Yeye hubaki wa baba yake kama Mola alivyoamrisha. Tena maziwa ni ya mume pia: mtoto akinyonya kwa mke wako, watoto wako wa mke mwingine nao ni ndugu zake. Wengi hawalijui hili. Wapo vilevile wanaotia chumvi upande wa pili, wakaharamisha yasiyoharamu. Ndugu wa damu wa yule aliyenyonya, ambao wao hawakunyonya, hawana kizuizi kwa sababu hiyo. Mambo haya yana hesabu, na hesabu ni kazi ya mwanazuoni. Na ijulikane kwamba madhehebu ya Hanafi na Maliki huona hata kunyonya kidogo kunatosha, basi mposaji akitoka katika madhehebu mengine, sheikh aelezwe mapema.

La pili, tuandike. Mwanamke anayemnyonyesha mtoto wa mwenzake, hata kwa wema wa siku moja, amwambie mumewe, awaambie wazazi wa mtoto, na iandikwe mahali: jina la mtoto, tarehe, na takriban mara ngapi. Wakati wa ukame, wa mafuriko, au katika wodi ya wazazi, wema huu hutokea sana na husahaulika upesi. Pale hospitali ya Pumwani, Nairobi, tangu mwaka 2019 ipo benki ya maziwa ya mama kwa watoto wachanga wanaoyahitaji. Wanazuoni wamehitilafiana: baraza la fikihi la kimataifa lililokaa Jeddah mwaka 1985 lilizikataza benki za namna hiyo kwa sababu mtoaji hajulikani, na wapo waliozijuzisha kwa dharura. Mzazi Mwislamu atakayefikwa na haja hiyo na amuulize sheikh wake, na aulize pia maziwa yametoka kwa nani.

La tatu, tuwaulize wazee wanawake wangali hai. Tukiwauliza nasaba tusiishie "baba wa baba yako nani?" Tuwaulize: ni nani alikuwa akipika, watoto walilala wapi, ni nani alikuwa na mtoto mchanga mwaka ule, ni nani aliosha vyombo. Mosha vyombo wa hoteli ya mama alikuwa na habari ambayo hakuna mzee wa ukoo aliyekuwa nayo, na kwa miaka zaidi ya 30 hapakuwa na mtu aliyemuuliza.

La nne, tusivitupe vitu vya kazi vya mama zetu. Hati ya kiwanja tulikuwa tumeihifadhi ndani ya bahasha mbili. Daftari la madeni lilinusurika kwa kuwa tu lilikuwa chini ya sanduku na hapakuwa na aliyetaka kuinama.

Na kijana? Siku sheikh alipotoa jibu, yeye aliketi kimya kwa muda mrefu. Kisha akauliza kaburi la mama liko wapi. Kaka yangu, ambaye wiki nzima alikuwa hasemi na mtu, ndiye aliyesimama kumpeleka. Walikaa huko mpaka adhana ya Maghribi. Kijana alikuja Bute akitafuta mahali tu, mlango wa kijani, akitaraji kuona banda na kuondoka. Ameondoka na ndugu watano, na ami na shangazi na watoto wa ndugu ambao kuwaoa hawezi, ila kuwalea aweza. Binti yetu amerudi chuoni, na kumwita ami bado ulimi wake haujaweza, hatumharakishi.

Kabla ya siku ile kijana alikuwa akiniita shangazi, kwa heshima ya mchumba wake, na akisalimiana nami ameweka mkono kifuani, kama inavyompasa mwanamume na mwanamke ambaye si wake. Asubuhi nilipokuwa napanda gari kurudi Mombasa alikuja kuniaga. Akasema, "Safari njema, dada." Kisha akanyoosha mkono, nami nikaupokea.

Mwenyezi Mungu awarehemu mama zetu waliolisha bila ya kuandika, atuhifadhie vizazi vyetu, na atupe ujasiri wa kuuliza kabla ya kuchelewa. Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.